Kutoka Ukurasa hadi Filamu: Studio ya Belvision na Swali la Uaminifu kwa Kitabu

Utangulizi

Walimu wengi wa fasihi wamekumbana na hali hii. Kikundi cha waigizaji huzuru shule na kuigiza kitabu teule, wanafunzi hufurahi, kisha mtahiniwa mmoja huingia katika chumba cha mtihani na kueleza tukio ambalo lilikuwa jukwaani lakini kitabuni halimo. Alama hupotea, na mtahiniwa hujiona ameonewa, kwani tukio hilo alilishuhudia kwa macho yake.

Makala haya yananuia kufafanua kinachotokea hadithi inapogeuzwa, yaani inapotolewa katika utanzu mmoja na kuingizwa katika utanzu mwingine. Mfano wetu unatoka mbali: studio ya filamu za vibonzo iitwayo Belvision, ya mjini Brussels, Ubelgiji. Tumeuchagua kwa sababu historia yake inabainisha waziwazi ni nani hufanya uamuzi wa kubadilisha hadithi, na kwa nini.

Chimbuko la studio

Belvision ilianzishwa mwaka wa 1954 na Raymond Leblanc, mchapishaji ambaye tangu 1946 alikuwa akitoa jarida la Tintin. Jarida hilo lilipewa jina la mhusika mkuu wa Hergé, kijana mwandishi wa habari aliyeonekana mara ya kwanza gazetini mwaka wa 1929. Ikumbukwe, basi, kuwa studio ilizaliwa na mchapishaji. Hadithi zilikuwa tayari na wasomaji walikuwapo. Kilichokosekana kilikuwa mwendo na sauti.

Kazi ya mwanzo ilikuwa ya runinga. Mwaka wa 1957 hadithi mbili za Tintin zilitolewa zikiwa na mwendo mchache mno. Mfululizo wa rangi ulifuata, ukiongozwa na Ray Goossens na kukatwa katika vipindi vya takriban dakika 5. Mhakiki atambue athari ya kipimo hicho. Kila kipindi kilihitaji kilele chake na taharuki ya kumrejesha mtazamaji. Hergé mwenyewe alikuwa bingwa wa taharuki, kwani hadithi zake zilichapishwa kwa mafungu kabla ya kuwa vitabu. Kwa hiyo mbinu hii ilihifadhiwa, ilhali msuko wa matukio ulibadilishwa pakubwa. Filamu yaweza kuwa aminifu katika fani na isiwe hivyo katika maudhui.

Watunzi wasioulizwa

Kisa cha Asterix kina uzito zaidi. René Goscinny, mwandishi, na Albert Uderzo, mchoraji, walimbuni Mgali huyu mdogo mwerevu mwaka wa 1959 nchini Ufaransa. Mwaka wa 1967 Belvision ilitoa filamu ya kitabu chao cha kwanza, kwa mpango wa mchapishaji wao, Dargaud. Watunzi hawakushirikishwa, na walipokuja kujua, kazi ilikuwa karibu kukamilika. Hawakuridhishwa nayo, na filamu nyingine iliyokuwa ikiandaliwa kutokana na kitabu cha pili ikasitishwa.

Kinaya ni kwamba filamu hiyo ilifuata kitabu kwa karibu. Ile iliyofuata, Asterix na Kleopatra ya 1968, ambayo watunzi wenyewe walishiriki kuielekeza, ndiyo iliyothubutu kutoka nje ya kurasa. Njama ya keki yenye sumu, kwa mfano, iligeuzwa kuwa wimbo kamili. Wimbo hauwezi kuwekwa katika picha tulivu ya kitabu, lakini filamu inao uwezo huo. Watunzi walitambua kuwa utanzu mpya una nyenzo zake, wakazitumia.

Vitabu viwili, filamu moja

Mwaka wa 1969 studio ilitoa Tintin na Hekalu la Jua. Filamu hii inabeba vitabu viwili: kile cha matufe saba ya kioo, ambamo wanasayansi wanatumbukizwa usingizini mmoja baada ya mwingine, na kile cha safari ya Peru kumtafuta Profesa Calculus aliyetekwa nyara. Muswada wake uliandaliwa na mtunzi aliyejulikana kwa jina la Greg.

Ili vitabu viwili vitoshe katika filamu moja, kile cha kwanza kilifupishwa sana. Aidha, kuna nyongeza: mfalme wa Inka amepewa binti, naye anamtetea kijana Zorrino. Jacques Brel, mwimbaji maarufu wa Ubelgiji, alitunga nyimbo kwa ajili ya filamu hii. Mtu aliyeitazama filamu tu, kisha akaulizwa juu ya nafasi ya mwanamke katika kitabu, angemtaja binti ambaye Hergé hakumwandika. Hapa ndipo mtahiniwa wetu anapoponzeka.

Filamu inapozaa kitabu

Mkondo unaweza pia kugeuka. Filamu ya Tintin ya 1972, inayohusu ziwa la papa, haikutokana na kitabu chochote. Greg aliibuni kwa ajili ya filamu, na kitabu kikafuata. Goscinny alikwenda mbali zaidi. Mwaka wa 1974, yeye, Uderzo na Georges Dargaud walianzisha studio yao mjini Paris, iliyoitwa Idéfix. Filamu yao ya 1976, Kazi Kumi na Mbili za Asterix, ni hadithi mpya. Ndani yake mna tashtiti kali ya urasimu: mashujaa wanazungushwa kutoka dirisha hadi dirisha wakitafuta kibali kimoja tu. Goscinny alifariki Novemba 1977, na studio ikafungwa mwaka uliofuata.

Funzo kwa mwalimu na mtahiniwa

Kutokana na mifano hii, swali la "Je, filamu imefuata kitabu?" halitoshi. Mhakiki aulize: Ni nini kimeachwa? Ni nini kimeongezwa? Ni nani aliyeamua, na utanzu mpya ulimlazimisha au ulimruhusu kufanya nini?

Maigizo ya vitabu teule yasipigwe marufuku, kwani huamsha hamu ya kusoma. Hata hivyo, mwalimu awaongoze wanafunzi kuandaa jedwali la tofauti kati ya jukwaa na kitabu siku hiyo hiyo. Katika mtihani, kitabu kilichoteuliwa ndicho shahidi wa pekee.

Maswali ya kudurusu

1. Fafanua namna utanzu unavyoathiri msuko wa hadithi.
2. "Ushiriki wa mtunzi hauhakikishi kuwa filamu itafuata kitabu." Jadili kwa kurejelea filamu mbili za Asterix.
3. Chagua tukio moja katika kitabu teule unachosoma. Eleza utakachopunguza na utakachoongeza ukiligeuza kuwa filamu ya vibonzo, na utoe sababu.