Ini Lenye Mifuko ya Maji Usimtupie Mbwa

Katika Kitui na Makueni mbwa wana kazi nyingi. Hulinda mbuzi, hufukuza nyani shambani, na usiku humwamsha mwenyewe mwizi akija. Lakini mbwa asiyetunzwa aweza kuwaletea wenyewe ugonjwa.

Mbuzi akichinjwa nyumbani, pengine huonekana katika ini au mapafu yake mifuko myeupe iliyojaa maji. Watu husema, "Hili halifai kuliwa," wakamtupia mbwa. Hapo ndipo kosa lilipo. Ndani ya mifuko hiyo mna vichanga vya tegu. Vikifika tumboni mwa mbwa, hukua vikawa tegu wadogo sana, hata sentimita moja hawafiki. Mbwa haonekani mgonjwa, lakini mavi yake huwa na mayai yasiyoonekana kwa macho. Mayai hayo hushika katika manyoya yake, hukaa katika majani, na huingia katika visima vya mchangani. Mtoto akimshika mbwa, kisha akala bila kunawa, huyameza. Ndipo mifuko ile ile huota katika ini au mapafu ya mtoto. Hukua polepole kwa miaka mingi, na mara nyingi daktari hana budi kumpasua mgonjwa.

Wenzetu wa Turkana waliteseka sana kwa ugonjwa huu. Mwaka 1983 shirika la AMREF lilianza kazi ya kuuzuia huko, kwa kuwatibu wagonjwa, kuwapa mbwa dawa na kuwafundisha watu.

Basi, mkulima, fanya hivi:

1. Ini au pafu lenye mifuko lichome moto, au lifukie chini sana mbwa asiweze kulifukua. Matumbo ya kumpa mbwa yachemshe kwanza dakika 30 au zaidi.

2. Mwulize afisa wa mifugo dawa ya tegu iitwayo prazikwanteli. Kitui na Makueni zilikuwa miongoni mwa kaunti za kwanza katika mpango wa mwaka 2014 wa kukomesha kichaa cha mbwa. Mpeleke mbwa wako achanjwe, lakini fahamu kwamba chanjo hiyo haiui minyoo.

3. Zungushia kisima miiba, na uwafundishe watoto kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Hakuna haja ya kumwua mbwa. Mtunze, naye atakulinda bila kukudhuru.