Sura ya Sita: Ulimi wa Chuma

Watu wakikiona kisanduku cha muziki cha kuzungusha kwa mkono, kile kinachopitishwa ukanda wa karatasi yenye matundu, wengine hutafuta betri, na wengine huamini kwamba wimbo umerekodiwa kwenye karatasi. Dawa ya makosa haya ni dakika moja. Pitisha karatasi isiyotobolewa: kimya. Pitisha ile iliyotobolewa kwa kuanzia mwisho, na wimbo utatoka kinyumenyume.

Kazi ya karatasi ni kuzuia. Ukizungusha mkono, rola huivuta ipite kwenye safu ya magurudumu madogo yenye ncha. Mahali pasipo na tundu, ncha huteleza tu. Tundu likifika, ncha moja hutumbukia na kukokotwa na ukingo wake. Gurudumu linajizungusha kidogo, na ncha nyingine huinua ulimi wa chuma kisha kuuachia. Ulimi hulia pale unapoachiwa. Kila mstari wa karatasi una gurudumu lake na ulimi wake. Visanduku vidogo vina ndimi 15, noti za ngazi ya do meja tu, ndiyo maana nyimbo nyingi za rumba hazivipitii bila kukatwakatwa. Vikubwa vina 30.

Kosa la tatu ni sugu. Husemwa kwamba ukizungusha haraka, sauti inakuwa nyembamba. Kwa kaseti ni kweli, kwa kuwa pale mwendo wa utepe ndio unaozaa sauti. Hapa mwendo unaharakisha wimbo tu. Ulimi ukishaachiwa hauna habari tena na mkono wako. Unatetemeka kadiri umbo na chuma chake vinavyouruhusu.

Nilikusudia sasa nieleze rola, kisha kitana cha ndimi, kisha sanduku. Lakini sioni namna ya kueleza ulimi wa chuma kwa msomaji wa Kisangani huku likembe ikiachwa nje. Ni chombo hichohicho, ila mahali pa magurudumu pamekaa vidole gumba. Ilipanda mto Kongo kutoka Kongo ya chini tangu mwishoni mwa karne ya 19, pamoja na wapagazi na wafanyakazi wa stima, hadi hapa ambapo maporomoko ya Boyoma hukomesha safari ya meli.

Kuna wasomi wanaoniambia kwamba likembe ni mwigo wa kisanduku cha Wazungu. Waangalie miaka. Antoine Favre, fundi saa wa Geneva, alitangaza ndimi zake za chuma mwaka 1796. Alitaka kuondoa kengele ndani ya saa zenye muziki. Mtawa Mreno João dos Santos, aliyefika Sofala mwaka 1586, alieleza chombo cha ndimi tisa za chuma kilichopigwa kwa vidole gumba, na kitabu chake kilichapwa mwaka 1609. Mwafrika hakumsubiri Favre. Wala tusigeuze kibao tudai Favre aliiba kwetu: njia yake kutoka kengele hadi ulimi inaonekana wazi katika kazi ya saa.

Wengine hunong'ona kwamba ule mnguruno wa likembe ni mizimu inayoitikia. Ni pete ndogo za waya zilizovishwa kwenye ndimi. Zivue, mnguruno unakwisha; zirudishe, unarudi. Fundi aliziweka kwa makusudi, anazipenda, na kumnyang'anya sifa hiyo ili apewe mzimu ni dhuluma. Sina uvumilivu zaidi kwa jumbe za simu zinazohubiri kwamba hezi 432 huponya mwili na 440 huudhuru. Namba 440 ni makubaliano ya mkutano wa London wa mwaka 1939, ili wapigaji wa miji mbalimbali waafikiane. Wapigaji wa likembe hawajawahi kufungwa na namba yoyote kati ya hizo.

Kinachowafunga ni urefu. Uzi wa gitaa ukiukata nusu, sauti hupanda oktava moja. Ulimi wa chuma ulioshikwa upande mmoja ukiukata nusu, hupanda oktava mbili, kwa sababu mitetemo huongezeka kwa mraba wa upungufu wa urefu. Ulimi wa milimita 60 unahitaji kusukumwa hadi 42 hivi tu kupata oktava. Ndiyo maana fundi wa likembe, akiwa na spoki ya baiskeli ya toleka iliyopondwa bapa, huisogeza kwa kugonga kidogokidogo: milimita moja ni nyingi. Akitaka kuishusha bila kuirefusha, hubandika nta chini ya ncha. Watengenezaji wa visanduku hufanya vivyo hivyo kwa risasi, maana kitana chao ni kifupi mno kwa sauti nzito.

Sanduku la mbao nalo si pambo. Kitana peke yake mkononi hakisikiki hatua chache. Kibane kwenye ubao mpana, chumba kizima kitasikia. Likembe imekwenda mbele zaidi: nyuma ina tundu ambalo kidole hulifunga na kulifungua wakati wa kupiga, na sauti ikayumba.

Ndimi za kisanduku hazisogei, kwa hiyo atakayetaka kuzirekebisha ashike tupa. Akipunguza chuma kwenye ncha, uzito unapungua na sauti inapanda. Akipunguza karibu na shina, ugumu unapungua na sauti inashuka. Aanze na ncha, kwa mipapaso miwili mitatu, asikilize, kisha aendelee.