"Dawa inapunguza mafuta": mafuta gani?

Muuza mizizi sokoni husema dawa yake "inapunguza mafuta". Kwa sisi tunaosoma lugha, sentensi hiyo ina matata. Mafuta ni ya kupikia, ni ya gari, ni ya mwili. Tena kitenzi -punguza hakisemi kinachopungua ni idadi ya chembe za mafuta, ukubwa wa kila chembe, au kuzaliwa kwa chembe mpya.

Maabara nyingi hupima hilo la tatu. Kuna ukoo wa chembe za panya uitwao 3T3-L1, uliotengwa miaka ya 1970 na Howard Green na wenzake. Mwanzoni chembe hizo ni changa, hazina mafuta. Zikipewa insulini, deksametasoni na kemikali iitwayo IBMX, hubadilika, na baada ya siku kama nane hadi kumi hujaa matone. Protini PPAR-gamma ndiyo inayowasha jeni za kazi hiyo. Mtafiti hutia dawa ya mmea katika sahani moja, nyingine huiacha bila kitu, kisha hupaka zote rangi nyekundu inayoshika mafuta. Berberini, chai ya kijani, hata lumanda yetu (Hibiscus sabdariffa), vimefifisha wekundu huo. Lakini wekundu hufifia pia chembe zikifa kwa sumu, kwa hiyo lazima uhai wake upimwe kando.

Hapa vitenzi vyetu vina faida. Kuloweka, kuchemsha, kutwanga: kila kimoja hutoa kitu tofauti kwenye jani lile lile, na alkoholi ya maabara hutoa kingine kabisa. Anayetafsiri vyote kwa "maji ya dawa" amefuta habari ambayo mkemia anaihitaji.

Kutoka sahani mpaka kiuno cha mtu ni mbali. Dawa inayomezwa hupita tumboni na kwenye ini kwanza. Isitoshe, kwa mtu mzima idadi ya chembe za mafuta haibadiliki sana: utafiti wa 2008 ulikadiria kwamba karibu asilimia 10 hufanywa upya kila mwaka, huku nyingine zikifa.

Na kuzizuia zisizaliwe si lazima kuwe heri. Watu wanaozaliwa karibu bila chembe hizo hawana afya ya wembamba: mafuta hukosa ghala, hujaa kwenye ini na misuli, kisha kisukari hufuata. Pioglitazoni, dawa ya kisukari, huamsha PPAR-gamma ile ile. Hushusha sukari ya damu, na wengi wanaoitumia huongezeka uzito. Muuzaji anayemwahidi mgonjwa wa kisukari "kupunguza mafuta" anaweza kuwa anaahidi kinyume cha dawa aliyopewa na daktari.

Kwa adipogenèse ya vitabu vya Kifaransa napendekeza "uzawa wa chembe za mafuta". Ni refu, ndiyo, lakini mgonjwa akilisikia ataweza kuuliza: na zile nilizo nazo tayari?