Jahazi la Lamu linaundwa Dallas, na ramani imeleta nusu yake tu

Mtu wa Pwani akisikia kuna jahazi linaundwa Dallas, mawazo yake huenda Texas. Dallas ninayoishi mimi ni mtaa wa Embu mjini, chini ya Mlima Kenya, mahali ambapo chombo cha majini kinachoonekana kila siku ni beseni. Hata hivyo maji yetu ndiyo maji yenu. Mto Rupingazi unaopita kando ya mji huu huingia Thiba, Thiba huingia Tana, na Tana ikishapita mabwawa ya umeme humwagika baharini karibu na Kipini.

Jahazi lenyewe lina urefu wa sentimita 75. Ni la mbao, lina tanga, na linaongozwa kwa redio. Naliunda uani jioni baada ya kazi, nikisaidiwa na vijana watatu wa jirani ambao hawajawahi kuiona bahari. Naandika hapa kwa sababu mbili. Kwanza nieleze linavyoundwa, maana vifaa vyake karibu vyote hupatikana mji wowote wenye fundi seremala na duka la vyuma. Pili, kuna sehemu ya kazi hii ambayo haipatikani Embu kabisa, na ninyi mlio karibu na maji mnaweza kuifanya kwa asubuhi moja.

Tuanze na ramani. Yangu ni kopi ya kopi, haina jina la mchoraji, na vipimo vyake ni vya futi na inchi. Robo inchi inasimama badala ya futi moja, yaani mchoro ni mdogo mara 48 kuliko chombo. Mimi nataka jahazi dogo mara 20. Ukigawanya 48 kwa 20 unapata 2.4, kwa hiyo mchoro lazima ukuzwe hadi asilimia 240. Mashine ya kopi ikikomea 200, toa kopi ya 200, kisha kopi hiyo uikuze tena kwa 120. Kabla ya kukata ubao wowote, chukua rula upime kile kimstari cha vipimo kilichochorwa pembeni mwa ramani, kwa urefu na kwa mapana ya karatasi. Karatasi ya zamani huvuta unyevu na kutanuka, na mara nyingi hutanuka upande mmoja kuliko mwingine. Maneno yaliyoandikwa hayabadiliki, lakini mistari imeshahama.

Ramani ya chombo ina sura tatu: chombo kikitazamwa ubavuni, kikitazamwa kutoka juu, na kikiwa kimekatwa vipande kama mkate ili uone umbo la kila kipande. Sura hii ya tatu ndiyo unayoifanyia kazi. Sasa angalia vizuri. Kila kipande kimechorwa nusu. Kulia kwa mstari wa katikati kuna nusu za upande wa omo, kushoto kuna nusu za upande wa tezi. Mchoraji hupima upande mmoja wa chombo, na msomaji wa ramani hutakiwa kuugeuza kama kwenye kioo ili apate upande wa pili.

Kwa meli iliyotoka kiwandani hilo halina tatizo. Kwa jahazi ni jambo jingine. Fundi wa Matondoni au wa Nungwi hakuanza na karatasi. Alilaza mkuku, akasimamisha omo na tezi, akapanda na mbao za chini, na mataruma akayachagua na kuyachonga yafuate umbo ambalo mbao zimeshalipata. Kipimo chake ni jicho, kamba na tezo. Chombo cha namna hiyo hakina pande mbili zinazolingana sawasawa. Nilimtumia ami yangu, aliyefanya kazi hiyo Lamu kwa miaka mingi, picha ya ramani yangu kwa simu. Jibu lake lilikuwa fupi: "Mwanangu, huyu amechora jahazi lililolala upande mmoja. Upande wa pili alimwachia nani?"

Sisemi kwamba wageni waliochora walifanya kazi bure. Bila wao tusingekuwa na chochote mkononi. Mfaransa François-Edmond Pâris, mwanamaji aliyezunguka dunia mara tatu, alipima na kuchora vyombo vya mataifa mengi vikiwemo vya Maskati, na kitabu chake kilitoka miaka ya 1840. Mwaka 1871 akawa msimamizi wa makumbusho ya vyombo vya bahari pale Louvre, Paris, na huko akasimamia vyombo vile viundwe upya kwa udogo kutokana na michoro yake. Mwingereza James Hornell aliandika juu ya mtepe na dau la visiwa vya Lamu mwaka 1941. Mholanzi A. H. J. Prins alitoa kitabu kizima kuhusu ubaharia wa Lamu mwaka 1965. Ninachosema ni kwamba karatasi ilifuata chombo. Kinachoitwa ramani ya jahazi ni kumbukumbu ya jahazi moja, upande mmoja, siku moja.

Sasa kazi yenyewe. Vipande vya ramani huhamishiwa kwenye plaiwudi ya milimita 4 na kukatwa kwa msumeno mwembamba. Usisahau kupunguza unene wa mbao zitakazokaa juu yake. Kama mbao zako ni milimita 3, kila kipande kipunguzwe milimita 3 kuzunguka, la sivyo jahazi litanenepa kuliko ramani. Vipande hivyo vinasimamishwa kichwa chini juu ya ubao ulionyooka, mkuku unalazwa juu yake, kisha mbao zinapandishwa moja moja, moja kulia na moja kushoto, ili mvuto wa upande mmoja usiupinde mkuku. Mtaona kwamba hapa mimi natangulia na mataruma halafu mbao, kinyume cha fundi wa Lamu. Ramani ndiyo inayolazimisha hivyo. Inajua umbo la chombo lakini haijui kilianzia wapi.

Mbao tunazotumia ni za msaiprasi, zilizopasuliwa vipande vyembamba vya sentimita moja. Ni nyepesi, zimenyooka, na hukubali gundi. Mgrivelea umejaa huku kila shamba, lakini hupindapinda ukikauka. Meru oak ni mti mzuri mno, nao nimeutumia kwa mkuku na omo tu, kwa sababu una uzito. Mbambakofi au mtiki wa kwenu ungelizamisha jahazi la ukubwa huu kabla ya kutia betri. Panapohitajika kupinda sana, kwenye omo, ubao hulazwa juu ya mvuke wa sufuria kwa dakika chache, ukabanwa ukiwa bado moto.

Kuhusu gundi, ile nyeupe ya maseremala wa fanicha hulainika majini, basi tafuta ya chupa mbili zinazochanganywa. Kalafati ya pamba na sifa haiwezekani kwenye ubao wa milimita 3, hakuna pa kuishindilia. Badala yake hupakwa gundi hiyohiyo ndani na nje, ikikauka inapigwa msasa, kisha rangi. Wa Pwani wazingatie kwamba mbao zilizokaushwa kwenye hewa yetu kavu ya Embu zikiletwa Mombasa bila kupakwa zitavimba na kuvunja maungio.

Hadi hapo una jahazi la kuweka juu ya kabati. Wengi huishia hapo, na maduka ya watalii yamejaa majahazi ya namna hiyo. Mimi nataka liende, na kwenda kwake ndiko kunakofichua mengi.

Jahazi la mita 15 lenye uzito wa tani 24, ukilipunguza mara 20, halipungui uzito mara 20. Urefu umepungua mara 20, upana mara 20, na kina mara 20, kwa hiyo uzito umepungua mara 8,000. Tani 24 zimekuwa kilo 3. Tanga, kwa kuwa ni urefu na upana tu, limepungua mara 400. Yaani tanga limebaki kubwa mno kwa mwili unaolibeba, na upepo haukupungua hata kidogo. Ukipiga hesabu, upepo mwanana wa kilomita 15 kwa saa kwa jahazi hili ni kama dhoruba ya kilomita 67. Nililitia dimbwini makusudi bila nyongeza yoyote, farumi ikiwa ndani tu kama ilivyo kwenye ramani, ili vijana waone. Lilipinduka kabla sijaondoa mkono. Mmoja akauliza kwa heshima zote kama wazee wetu kweli walikwenda Arabuni na kitu hiki.

Walikwenda, na hawakuhitaji dawa tuliyotumia sisi, ambayo ni bapa la bati la alumini lenye kina cha sentimita 25 linalofungwa chini ya mkuku kwa skrubu mbili, na risasi nchani. Likitoka majini linafunguliwa na jahazi linarudia sura yake. Risasi ni chubwi za wavuvi, alizonitumia ami kwa basi. Msivunje betri za magari kutafuta risasi, ni sumu, hasa penye watoto. Mgawanyo wa kilo 3 zangu ni huu: mwili gramu 900, redio na betri 350, mlingoti, foromali na tanga 250, na zilizobaki 1,500 ni risasi. Nusu ya chombo ni farumi. Tanga ni kitambaa cha mwavuli mbovu, na foromali ni ufito wa mwanzi.

Redio ni sehemu rahisi kuliko zote, ingawa ndiyo inayowashangaza watu. Si jambo jipya. Nikola Tesla alionyesha chombo kidogo kilichoongozwa kwa redio New York mwaka 1898. Unahitaji rimoti yenye njia mbili, kipokezi, na mota ndogo mbili za aina ya sevo. Moja inageuza usukani. Ya pili, yenye nguvu zaidi, inavuta na kulegeza demani. Betri nne ndogo za kuchaji zinatosha. Ramani za zamani za vyombo vya redio zinaonyesha antena ndefu kama fimbo, kwa sababu zilitumia mawimbi ya megahezi 27. Rimoti za sasa ni za gigahezi 2.4, kama Wi-Fi, na antena yake ni kiwaya kifupi. Lakini mawimbi haya hayapiti majini, basi kiwaya hicho kipandishwe juu ya usawa wa maji, mimi nimekiegemeza kwenye mlingoti.

Kinachoshinda redio ni foromali. Jahazi la kweli likigeuza, foromali huhamishwa kutoka upande mmoja wa mlingoti hadi mwingine, na hiyo ni kazi ya mabaharia kadhaa wenye mikono. Sevo mbili haziwezi. Kwa hiyo langu lina upande mmoja mzuri, na upande mwingine tanga linajibana kwenye mlingoti na mwendo unapungua. Kuna wanaotia mota na rafadha wakamaliza maneno, na siwalaumu, maana majahazi mengi ya Lamu leo nayo yana mashine.

Tunalijaribu kwenye dimbwi la samaki. Mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango wa kuchimba madimbwi ya mita za mraba 300 katika maeneo mengi ya nchi, na ukubwa huo unalitosha jahazi la sentimita 75. Mabwawa ya Kamburu na Masinga yangefaa kwa upepo, lakini yana mamba na viboko, na mimi si baharia wa kiasi hicho.

Sasa lile ombi langu. Upande wa pili wa jahazi, ule ambao ramani haikuuchora, bado uko ufukweni kwenu, kwenye vyombo vya zamani vilivyoegeshwa ambavyo kila mwaka hupungua kwa kugeuzwa kuni na viti vya hoteli. Kuvipima hakuhitaji shahada. Subirini maji ya bamvua yatoke, chombo kikae kikavu. Vuteni kamba katikati, kutoka omo hadi tezi, mtie alama kila mita moja. Penye kila alama laza fito iliyonyooka itokeze nje ya ubavu, ning'inizeni timazi kutoka nchani mwake, na hata chubwi kwenye uzi inatosha. Kisha pimeni kutoka kwenye uzi hadi kwenye ubao kila sentimita 25 za kimo, na andikeni pia umbali wa uzi kutoka katikati. Fanyeni kulia, fanyeni na kushoto, wala msidhani ni sawa. Mwulizeni aliyekiunda, kama yu hai, ni ubao upi ulitangulia na taruma lipi lilifuata, mrekodi sauti yake kwa simu.

Ami ameshakubali kuanza na mashua yake mwenyewe. Mjukuu wake atashika tepu, na wanangoja bamvua ya mwezi huu. Nimeshakata plaiwudi ya vipande vya kulia. Vya kushoto sijavigusa.