Mahali Vita vya Msumbiji Vilipogeukia

Aghalabu watu wanaposimuliwa vita vya ukombozi wa Msumbiji hutaka kwanza kujua ni pigano gani lililomvunja Mreno nguvu, kana kwamba vita vya miaka 10 huamuliwa kwa siku moja. Na aliyezichungua habari zile hana budi kuwajibu kuwa pigano hilo halikuwapo, na kwamba atakaye kujua wapi vita viligeuka itampasa aitazame biashara ya ufuta na korosho katika mto Ruvuma kuliko mizinga.

Chanzo chake kilikuwa dhulma ya wazi. Tarehe 16 Juni 1960 Wamakonde walikusanyika Mueda mbele ya gavana Mreno wa jimbo la Cabo Delgado, wakidai haki zao kwa maneno, nao wakajibiwa kwa risasi. Chama cha ukombozi cha FRELIMO baadaye kilitaja waliouawa kuwa mamia, Wareno wakataja wachache mno, lakini hesabu yoyote uishikayo, tangu siku ile aliyewashauri watu waende tena kuomba hakupata msikilizaji. Tarehe 25 Juni 1962 vyama vitatu vilivyoundwa uhamishoni viliungana Dar es Salaam vikawa FRELIMO, chini ya Eduardo Mondlane, mwanachuoni aliyeacha ualimu wa chuo kikuu Marekani. Na tarehe 25 Septemba 1964 risasi za kwanza zikapigwa katika kituo cha serikali cha Chai, wakati jeshi zima la FRELIMO lilikuwa na watu wapatao 250 tu.

Miaka michache baadaye sehemu kubwa za Cabo Delgado na Niassa zilikuwa zimemtoka Mreno mkononi, na hapo ndipo mtihani halisi ulipoanza. Kwa kuwa maduka ya zamani yalikuwa yamefungwa, mkulima aliyevuna korosho, ufuta au karanga hakuwa na pa kuuza ila Tanzania; basi alijitwika mzigo wake, akashika njia za porini akikwepa ndege za adui, akavuka Ruvuma, ili apate nguo, chumvi, sabuni na jembe, na kwa njia zizo hizo wapagazi, wake kwa waume, waliteremka na masanduku ya risasi vichwani. Njia hiyo ilikuwa roho ya vita. Aliyeisimamia Cabo Delgado kwa niaba ya FRELIMO, Lázaro Nkavandame, pamoja na wenyeviti waliokuwa chini yake, walishutumiwa kuwa wameigeuza biashara hiyo chumo lao, wakinunua mazao kwa bei ya kumnyonya mkulima na kumuuzia bidhaa kwa bei ya kumkausha. Likazuka swali zito kuliko shambulio lolote la Mreno: yule mtawala afukuzwaye, anafukuzwa kwa rangi yake au kwa unyonyaji wake? Maana kama ni kwa rangi, Nkavandame hakuwa na kosa.

Mkutano mkuu wa pili wa FRELIMO, uliofanywa Julai 1968 huko Machedje, Niassa, ndani ya ardhi ya Msumbiji yenyewe, ulilijibu swali hilo kwa kuamua kuwa vita ni vya taifa zima, wala si vya kabila wala jimbo, na kwamba nchi iliyokombolewa iendeshwe kwa maslahi ya wakulima wake. Nkavandame hakuhudhuria, na mwaka uliofuata akajisalimisha kwa Wareno. Tarehe 3 Februari 1969 Mondlane aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alicholetewa. Msiba ule ungeweza kukiua chama. Haukukiua, na mimi sina shaka kuwa kilichokinusuru ni uamuzi wa Machedje.

Ushahidi ulionekana 1970. Jenerali wa Kireno, Kaúlza de Arriaga, alikusanya askari wapatao 35,000 akaivamia kaskazini, akatwaa kambi na ghala za silaha. Lakini kwa kuwa vita havikuwa tena vya jimbo moja, wapiganaji wa FRELIMO, ambao sasa waliongozwa na Samora Machel, wakatawanyika, na uzito wa vita ukahamia jimbo la Tete, ambako Mreno alilazimika kuweka majeshi kulilinda bwawa la Cahora Bassa lililokuwa likijengwa. Kutoka Tete wapiganaji hao walivuka mto Zambezi, na 1972 walikuwa wamefika Manica na Sofala. Desemba mwaka huo askari wa Kireno wakawaua wanakijiji wa Wiriyamu, na padri Adrian Hastings alipoitangaza habari hiyo katika gazeti la The Times la London, Julai 1973, Ureno ilifedheheka mbele ya dunia. Maofisa wake vijana, waliochoka kupigana vita visivyo na mwisho, waliipindua serikali yao Lisbon tarehe 25 Aprili 1974. Mkataba ukatiwa saini Lusaka tarehe 7 Septemba, na Msumbiji ikawa huru tarehe 25 Juni 1975.

Majina ya majemadari yamekwisha kuandikwa. Ya wapagazi wa Ruvuma hayajaandikwa, nao wazee wa Newala na Nachingwea upande wa Tanzania, na wa Mueda, walioyashuhudia hayo wanapungua kila mwaka. Msomaji aliye na mzee wa namna hiyo nyumbani, namwomba amkalie kitako, amuulize, na aandike.