UTI ya Kila Muhula

Chumbani kwetu tuko wanne, na kufikia wiki ya sita ya muhula uliopita watatu tulishaambiwa tuna UTI. Mmoja alikuwa na homa, mwingine alikojoa damu kidogo mwishoni, mimi kiuno kiliniuma. Tulipima siku tofauti, tukatoka na karatasi zinazofanana na dozi zinazofanana. Yangu ilikuwa dozi ya tatu ndani ya miezi minne. Mara ya nne, badala ya kukimbilia dirisha la dawa, nilimwomba mtaalamu wa maabara anisomee karatasi mstari kwa mstari. Haya ndiyo niliyoelewa, na mengine nimeongezea kwa kusoma.

Kipimo cha kwanza ni kile kijiti chenye viraka vya rangi kinachochovywa kwenye mkojo. Viraka viwili vinatuhusu. Kimoja kinatafuta dalili za seli nyeupe za damu, yaani askari wa mwili. Wakionekana ujue kuna ugomvi mahali. Nani kauanzisha, hawasemi. Kingine kinatafuta naitriti, ambayo hutengenezwa na baadhi ya bakteria, hasa E. koli, na kazi hiyo inataka mkojo ukae kibofuni kama masaa manne. Mimi nilikunywa chupa mbili za maji kwenye foleni ili mkojo uje haraka. Hapo naitriti inaweza kukosekana hata kama bakteria wapo, na wapo bakteria wasioitengeneza kabisa. Kwa hiyo ikionekana ni ushahidi mzuri. Isipoonekana, kesi haijafutwa.

Kisha inakuja hadubini, na lile neno la kutisha: seli za usaha. Ni hizo hizo seli nyeupe, zimehesabiwa tu kwenye eneo moja la kioo. Maabara nyingi huona hadi 5 ni kawaida. Sasa angalia mstari wa jirani ambao hakuna anayekusomea: seli za epitheli. Hizi nyingi hutoka kwenye ngozi na njia ya nje, na zikiandikwa ++ au +++ maana yake kikopo kimezoa vitu visivyotoka kibofuni, pengine pamoja na hizo seli nyeupe zenyewe. Karatasi yangu ya pili ilikuwa na epitheli ++, usaha 8, naitriti hakuna. Nikapewa sipro.

"Dada, ulijisafisha kwanza? Mkojo wa mwanzo uliumwaga?" Nani aliniambia! Nilipewa kikopo nikaonyeshwa choo. Kumbe unanawa, mkojo wa mwanzo unauacha uende chooni, unakinga wa katikati. Kama uko kwenye siku zako sema, maana damu hiyo itaandikwa. Na kikopo kikikaa dirishani zaidi ya masaa mawili kwenye joto hili, bakteria wachache wanazaliana na kuwa jeshi.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni kuotesha mkojo. Kinachukua siku mbili tatu, kina gharama, na zahanati nyingi ndogo hazina. Binti mwenye maumivu ya kukojoa na anayekwenda haja kila dakika kumi anaweza kutibiwa bila hicho. Lakini ukiambiwa una "UTI sugu", kidai, kabla hujameza dozi nyingine, kwa sababu dawa uliyonywa juzi inaweza kuzuia bakteria kuota. Kitaonyesha kama ni bakteria, yupi, na dawa ipi inamuua. Seli nyeupe zikiwepo na kisiote kitu, klamidia na kisonono viulizwe pia, vina vipimo vyake. Najua aibu. Na wewe kaka uliyeambiwa UTI mara tatu mwaka huu, kwa kijana wa kiume hiyo si kawaida hata kidogo. Ila homa kali yenye kutetemeka, kutapika na maumivu ya ubavu haisubiri kuotesha. Nenda siku hiyo hiyo, figo zinaweza kuwa zimeguswa.

Yule wa damu amekulia Shinyanga, utoto wake wote ameshinda kwenye majaruba ya mpunga. Dozi mbili za UTI hazikumsaidia mpaka daktari mmoja alipomuuliza swali hilo la kwao. Ilikuwa kichocho. Kukitafuta utaratibu unageuka: yanatakiwa matone ya mwisho, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ndipo mayai yanapotoka kwa wingi. Kikiachwa miaka kinaharibu kibofu, hata kansa inaweza kuja. Alipimwa uzito, akapewa vidonge vya prazikwanteli, akavimeza siku moja.

Wa homa alikuwa na malaria, kipimo ambacho siku ya kwanza hakuna aliyekifanya.

Mkojo wangu ulioteshwa. Baada ya siku tatu jibu lilikuja: hakuna kilichoota. Kiuno bado kinauma siku nikikaa kimbwetani masaa matano mfululizo.