Kapu Moja la Mipira: Namna ya Kujizoeza Gofu

Desturi moja imeota mizizi miongoni mwa wapenzi wa gofu wa Dar es Salaam, wawe wale wa Lugalo wilayani Kinondoni, ambako Jeshi la Wananchi wa Tanzania lina uwanja wake wa mashimo 18, au wale wa Gymkhana, karibu na bahari mjini. Mchezaji huchukua kapu la mipira, akasimama mahali pamoja, akaishika ile fimbo kubwa ya kupigia mbali, akapiga mpira baada ya mpira mpaka kapu likaisha, kisha akarejea kwake amelowa jasho na moyo wake umeridhika, kwa kuwa mipira ya mwisho iliruka vizuri kuliko ya kwanza. Wiki ifuatayo, aingiapo uwanjani kucheza kwa hesabu, ustadi ule hauonekani. Wengi husema ni hofu ya mashindano. Mimi nasadiki kwamba aghalabu kosa limo katika namna ya kujizoeza, na elimu ya maungo na akili imekwisha kulibainisha kwa zaidi ya miaka 40.

Mwaka 1979 wataalamu wawili wa Marekani, John Shea na Robyn Morgan, waliwapa watu kazi nyepesi ya mkono, yaani kushika mpira wa tenisi na kuviangusha vibao vidogo vya mbao kwa mfuatano maalumu, upesi kadiri iwezekanavyo. Na mifuatano yenyewe ilikuwa mitatu. Kundi moja lilimaliza mfuatano wa kwanza ndipo likaingia wa pili, kisha wa tatu. Kundi lingine lilichanganyiwa yote. Wakati wa mazoezi kundi la kwanza liliwapita wenzao kwa wepesi, na mtazamaji yeyote angalitoa ushahidi kwamba ndilo lililoelimika. Lakini walipojaribiwa tena baada ya siku 10, mambo yaligeuka: waliochanganyiwa ndio waliokuwa wameihifadhi kazi ile, hasa pale mtihani ulipowataka kuchanganya. Mwaka 1986 Sinah Goode na Richard Magill walipata jambo kama hilo kwa wanafunzi wa mpira wa vinyoya waliofundishwa aina tatu za kuanzisha mchezo.

Sababu yake si ngumu kuifahamu. Mtu arudiapo pigo lile lile, ubongo hauna haja ya kulitunga upya, kwa maana mpango wa pigo ungalimo akilini tangu mpira uliopita, na kazi iliyobaki ni masahihisho madogo tu. Abadilishapo fimbo na shabaha, mpango ule hufifia, naye hulazimika kuutafuta tena. Na huko kuutafuta ndiko kunakoukaza katika kumbukumbu. Fauka ya hayo, fimbo iteremkapo kutoka juu mpaka kuugusa mpira huchukua kama robo ya sekunde, na mgusano wenyewe haufiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, muda ambao hautoshi kwa akili kulitambua kosa, kutoa amri, na mikono kutii. Basi yote yapasayo kuamuliwa sharti yawe yameamuliwa kabla fimbo haijaanza kushuka, na uamuzi huo, ambao mpigaji wa mfululizo haufanyi ila mara moja kwa kapu zima, ndio unaohitaji mazoezi kuliko misuli.

Insafu yanitaka niseme pia kwamba tafiti zilizofuata, zilizofanywa katika michezo halisi badala ya maabara, zimeonyesha faida ndogo kuliko ile ya Shea na Morgan, na kwamba mwanafunzi ambaye bado hajui hata kuishika fimbo hutatizwa akichanganyiwa mapema mno. Huyo na arudie pigo moja kwa fimbo fupi, mbele ya mwalimu, mpaka mpira uzoee kupaa. Maneno yangu yanamhusu yule aliyekwisha kuvuka hapo.

Mchezaji huyo akiwa na mipira 50, ni vema michache ya kwanza aitumie kuuamsha mwili, kwa fimbo fupi na nusu ya nguvu. Baadhi aitumie kwa jambo moja tu alilousiwa na mwalimu wake, na kila baada ya mipira mitatu au minne apumzike. Lakini ile iliyobaki, nayo isipungue nusu ya kapu, aitumie kuucheza uwanja katika dhana yake. Alete akilini shimo la kwanza analolijua, achague mipaka ya njia yake kwa miti iliyo mbele, apige fimbo ndefu. Mpira ukienda kulia, ajiulize ungaliangukia wapi na umebaki umbali gani, achukue fimbo ipasayo, asogee kidogo alipo, apige pigo la pili. Kisha lile fupi la kuukaribia mwisho. Ndipo ahamie shimo la pili. Asipige mpira wowote pasipo kusimama kwanza nyuma yake na kuitazama shabaha, kama afanyavyo siku ya mashindano. Na penye zulia la plastiki awe na hadhari zaidi, kwani fimbo ikitangulia kugusa chini huteleza juu ya zulia na mpira ukaruka salama, ilhali kwenye majani kosa hilo hilo lingaliuacha mpira hatua chache mbele yake. Vijana wabebao mifuko ya fimbo, ambao miongoni mwao wametoka wachezaji hodari wengi wa nchi hii, hujifunza kwa mipira michache na fimbo ya kuazima, wakiufuata mpira popote ulipolala. Naamini uhaba huo uliwapa mazoezi bora kuliko kapu lililojaa.

Kuhusu fikira wakati wa kupiga, Gabriele Wulf na wenzake walionyesha mwaka 1999 kwamba wanafunzi wa gofu walioambiwa wauangalie mwendo wa fimbo walilenga vizuri kuliko walioambiwa wauangalie mwendo wa mikono yao.

Kwa mkazi wa Mbagala au Chamazi, ambaye hana budi kulivuka jiji zima ili afike Lugalo, ni tabu kukubali kwamba kipindi kifupi kinatosha, maana nauli na saa za foleni humsukuma kupiga mipira mingi ili safari isiwe hasara. Hata hivyo, mwaka 1978 Alan Baddeley na D. J. A. Longman walieleza habari za watumishi wa posta wa Uingereza waliofundishwa kupiga chapa: waliojifunza saa moja kwa siku walihitaji jumla ya saa chache kuliko waliojifunza saa nne kwa siku, na ajabu ni kwamba hao wa saa moja ndio walioridhika kidogo kuliko wote. Katika uwanja ambao kipimo chake ni mikwaju 72, mikwaju 36 imekadiriwa kwa kuusukuma mpira kwenye majani mafupi yaliyozunguka shimo. Nusu hiyo ya mchezo yaweza kuzoezwa sebuleni Temeke kwa dakika chache kila usiku, ukiulenga mdomo wa bilauri iliyolazwa sakafuni, ambao ni mwembamba kuliko shimo lenyewe lenye kipenyo cha milimita 108.

Umbali huo wa safari ndio unaoniletea hofu ya afya. Vipimo vilivyochapishwa na Hosea na wenzake mwaka 1990 vilionyesha kwamba katika pigo moja la nguvu uti wa mgongo, sehemu ya kiuno, hubanwa kwa kiasi kipatacho mara nane ya uzito wa mwili. Mtu aliyeketi ofisini siku nzima, kisha ndani ya daladala, akafika na kupiga mara mia pasipo kupumzika, anakibebesha kiuno chake mzigo mkubwa. Atembee kwanza, azungushe mabega na nyonga, apige polepole. Katika miezi ya kaskazi, Desemba mpaka Machi, hewa ya pwani huwa na unyevu mwingi hata jasho lisikauke, na jasho lisipokauka halipozi mwili. Kwa hiyo aende saa kumi na mbili asubuhi au baada ya saa kumi alasiri, anywe maji kabla ya kiu, na akihisi kizunguzungu au kichwa kumwuma aache papo hapo na kukaa kivulini. Maumivu ya upande wa ndani wa kiwiko yanataka wiki kadhaa za kupunguza mapigo. Maumivu ya kiuno yashukayo mguuni pamoja na ganzi yapelekwe kwa daktari, na fimbo zibaki nyumbani mpaka atakapotoa ruhusa.